Mzee wa Maguru

Kabla ya kukusalimu alikuangalia miguu. Hakuwa akitafuta matope wala viatu vipya. Ilikuwa tabia tu, iliyomwingia kazini ikakataa kutoka. Angeanza na miguu, apande polepole hadi usoni, ndipo aseme, "Muga, mwari," na kukupa mkono. Mwari ni binti kwa Kimeru, na mimi nilikuwa binti wa kila mtu pale, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mwanamke pekee katika kiwanja kizima cha ndege.

Nikisema kiwanja cha ndege usifikirie vioo na lami. Kilikuwa kipande cha murram, udongo mwekundu mgumu, kilichonyooka, chini ya Mikinduri, pale ardhi inapochoka kupanda na kushuka na kuanza kuelekea tambarare. Upande mmoja vilima, upande wa pili joto. Kulikuwa na kibanda cha mabati chenye redio, mizani na meza yangu, na banda la kuwekea magunia ya miraa yasipigwe na jua. Ndege ndogo zilikuja tupu karibu na adhuhuri, zikaondoka zimejaa upesi upesi, maana miraa haina subira. Ikikaa siku tatu unaweza kuwashia moto. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa karani wa redio. Yeye aliajiriwa kufyeka nyasi na kufukuza mbuzi. Kazi ya bendera, iliyompa jina lake, alijipa mwenyewe.

Tulimwita Mzee wa Maguru. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja kwenye faili na sikulitumia hata siku moja, na meneja mwenyewe aliwahi kumwandikia barua ya likizo akaanza, "Kwa Mzee wa Maguru," bila kujicheka.

Maguru kwa Kimeru ni miguu. Magurudumu kwa Kiswahili ni yale ya gari. Sisi wengine tungesema ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Yeye aliona ni neno moja lililoongezwa mkia, na mkia huo alikuwa na maelezo yake.

"Lori iko na magurudumu," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Kwa nini? Kwa sababu ni maguru ya kudumu. Iende, isimame, ilale, maguru ni ile ile. Lakini hii ndege ya Kapteni inakunja maguru ikiwa huko juu. Sasa hiyo inadumu wapi? Ndege iko na maguru peke yake. Hiyo dumu wachia lori."

Nilikuwa nimetoka sekondari na alama nzuri za Kiswahili, nikajaribu kumrekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akaendelea kusema maguru. Baada ya mwezi mmoja hata mimi nilikuwa nikisema maguru kwenye redio, na marubani walilishika bila kuuliza.

Bendera zake zilikuwa mbili. Nyeupe aliikata kwenye gunia la unga, na ukisimama karibu bado ungesoma nusu ya jina la kinu. Nyekundu ilikuwa sketi ya mkewe, sketi ambayo mkewe hakuwa ameamua bado kwamba imezeeka, na jambo hilo lilizungumzwa nyumbani kwao kwa miaka mingi. Ndege ikikaribia alisimama mwanzo wa kiwanja, akainua uso, na midomo yake ikacheza. Akiona maguru yote, aliinua nyeupe. Asipoyaona, alitakiwa kuinua nyekundu, na rubani azunguke tena. Sikuwahi kuona nyekundu ikiinuliwa ila mara mbili tatu, na kila mara rubani alishuka akiwa mtu mpole sana.

Meneja alimwagiza ahesabu: moja, mbili, tatu. Alikataa katakata. Alikuwa wa kizazi ambacho hakihesabu watoto wala mbuzi wake, kwa kuogopa kwamba kilichohesabiwa hupungua. "Kitu nataka kirudi salama, nakihesabia nini?" alimwambia meneja. "Mimi nitaita kila mmoja na jina." Basi ile midomo iliyokuwa ikicheza ilikuwa ikiita majina: wa mbele, wa mlima, wa tambarare. Maguru ya kulia na kushoto hayakumhusu. Kulikuwa na upande wa mlima na upande wa tambarare, na ndege ilipotua ikitokea upande wa pili, wa mlima akawa wa tambarare, wala hilo halikumsumbua hata kidogo.

Siku moja ndege ikikaribia aliniita nje. "Funga macho," akasema. "Unasikia hiyo sauti ya kukwaruza? Hiyo ni upepo inapigana na maguru. Ikikuja bila maguru inakuja laini. Laini ni mbaya, mwari. Shika hiyo." Nikafunga macho, nikasikia kweli, nikafurahi kama niliyefunuliwa siri. Nilidhani ananionyesha ujuzi wake. Sikujua kwamba alikuwa akifanya mazoezi.

Sababu ya yote ilikuwa hadithi ambayo aliitoa kanisani kila mwaka wakati wa shukrani za mavuno, na waumini wote tuliijua kwa moyo. Zamani, kabla mimi sijafika, ndege zote zilizotua pale zilikuwa na maguru ya kusimama tu. Kisha siku moja ikaja ya kwanza ya kukunja, na rubani wake alikuwa mzungu mwenye mvi. Mzee alikuwa ukingoni mwa kiwanja na panga lake la kufyekea. Aliiangalia ikishuka, akaona tumbo tupu.

"Nikasema kwa roho yangu, labda hii ni aina ingine," alisimulia, na hapo kila mwaka mtu fulani nyuma alianza kucheka mapema. "Labda hii inatua na tumbo kama bata. Mimi ni nani nimfundishe mzungu ndege yake?"

Ndege ikatua na tumbo, lakini si kama bata. Ilipiga kelele ambayo watu waliisikia mpaka sokoni Mikinduri. Vumbi lilipotulia, yule mzungu akatoka mzima, akamwona mzee amesimama palepale na panga.

"Uliona sina magurudumu?"

"Niliona."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilidhani unajua."

Mzungu akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka machozi yakamtoka, au alilia tangu mwanzo. Mzee alisema hakuweza kutofautisha. Jioni hiyo mke wake alipoteza sketi. Na kila mwaka mzee alimaliza ushuhuda wake akituomba jambo moja: tuyatoe midomoni mwetu yale maneno mawili, nilidhani anajua. Yalikuwa mabaya kuliko matusi, alisema, kwa sababu matusi angalau mtu huyasikia.

Yeye aliyatoa kwelikweli, na haikuwa raha kuishi na mtu kama huyo. Alimwambia mwalimu mkuu mbele ya wazazi kwamba ana chaki matakoni. Alimwambia chifu, katikati ya hotuba, kwamba ameruka karatasi moja. Mhubiri mmoja mgeni alikuwa kila akikaribia kumaliza anainuka tena na mstari mwingine. Mzee wa Maguru, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa mbele, akageuka akatuambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu amezunguka uwanja mara nne. Mafuta itaisha." Wengine walimwita mshari. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo, mpaka siku aliponiokoa.

Nilikuwa na kijana wangu wa Maua. Alivaa vizuri, aliongea vizuri, alikuja kiwanjani kuniona kila Alhamisi, na tulikuwa tumeshataja mahari. Kulikuwa na swali moja ambalo nilikuwa nikilizunguka kwa miezi mingi. Siku moja mzee aliweka panga chini, akamwangalia kijana miguu mpaka uso, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, uko na bibi?" Kijana akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu mno kwa mtu asiye na kifua. Alikuwa na mke na watoto wawili. Nililia wiki nzima, na nilimchukia mzee kwa siku mbili, kisha nikamfumia sweta.

Usinielewe kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mgumu kusamehe. Jirani mmoja aliyemdanganya juu ya mpaka wa shamba hakusalimiwa miaka mitatu, hata kwenye matanga. Geti la nyumbani kwake lilianguka kabla sijaajiriwa na lilikuwa bado limeegemea ua nilipoacha kazi. Na pamoja na kuishi maisha yake yote chini ya ndege, hakuwahi kupanda hata moja. Kapteni alimbembeleza mara nyingi amzungushe angalau aione Mikinduri kutoka juu. "Nikiwa huko juu," alijibu, "nani atakuwa hapa chini anaangalia?" Nilivyomjua, aliogopa. Lakini jibu lilikuwa zuri, tukaliacha.

Huyo Kapteni alikuwa rubani wetu wa kila siku, mtu wa Embu, mpole, mwenye mazoea ya kuniletea magazeti ya jana. Yeye na mzee walipendana kwa namna ya watu wawili wanaobishana kila siku. Kapteni alikuwa akitua, anazima injini, anafungua mlango na kupiga kelele, "Mzee! Maguru?" Na mzee anajibu, "Iko chini, ndio maana uko hai."

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka hata mimi.

Macho ya mzee yalianza kwenda. Hakumwambia mtu. Yule aliyemwambia kila mtu kila kitu, hilo moja alilificha kabisa, na alilificha kwa ustadi. Nilimwona akimwaga chai kando ya kikombe, akasingizia mkono. Aliniangalia miguu mahali ambapo sikuwa nimesimama. Niliona, na nikajiambia kwamba mtu anayajua macho yake kuliko karani wa redio. Sikuyasema yale maneno mawili aliyoyakataza, lakini ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri.

Kulikuwa na jambo moja sikuliona. Fimbo za bendera zilikuwa mbili za mti mmoja, urefu mmoja. Kwenye moja alikuwa amekata alama tatu ndogo kwa kisu, karibu na mahali pa kushikia. Hiyo ilikuwa ya nyekundu. Hakuhitaji kuona rangi. Kidole gumba kilimwambia.

Mvua ilinyesha mchana mmoja, akaziacha bendera zimelowa kando ya kibanda. Asubuhi yake nilitaka kumfanyia wema. Nilivifungua vile vitambaa viwili, nikavikausha kwenye jiko langu la makaa, nikavifunga tena kwenye fimbo kwa fundo la kamba za viatu, lile lenye masikio mawili. Sikujua kwamba fimbo zina tofauti. Nyeupe niliifunga kwenye fimbo yenye alama.

Adhuhuri Kapteni akaja. Alikuwa ameshashusha maguru, niliyaona yote matatu, lakini mbuzi wakaingia kiwanjani. Siku za nyuma mzee angewaona wakiwa bado vichakani. Siku hiyo aliwasikia wakiwa katikati, akaziacha bendera chini akawakimbilia akipiga makelele. Kapteni akapandisha ndege juu, akakunja maguru, akazunguka. Alinieleza baadaye jinsi mtu anavyoweza kusahau kitu kikubwa hivyo. "Kichwani mwangu nilikuwa nimeshashusha," alisema. "Kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nafikiria mbuzi tu." Kuna honi ya kumwonya, lakini honi ile ilikuwa mbovu na ililia hata bila sababu, na yeye alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Mzee alirudi mahali pake akihema. Ndege ikashuka. Akainua uso kama kawaida, na akasikia. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo: alisikia. Ilikuja laini, naye akajua ni mbaya. Akashika fimbo mbili, akapapasa, akapata ile yenye alama tatu, akaiinua juu kwa nguvu zake zote na kuipunga.

Mimi nilikuwa dirishani, redio mkononi. Niliona tumbo la ndege tupu. Niliona kwa macho yangu mazima ya miaka ishirini na minne. Kisha nikaona bendera nyeupe, nikaamini kile kitambaa nikayakatalia macho yangu. Nilifikiri maguru yako mahali nisipoyaona. Nilikuwa na neno moja tu la kusema kwenye redio, neno ambalo tulilisema kila siku, na sikulisema.

Kelele ile nayo ilifika sokoni.

Kapteni alitoka akiwa na jeraha kwenye paji la uso na si zaidi. Ndege haikuruka tena. Magunia ya miraa yalinyauka bandani, wachukuzi wakaketi juu yake. Mzee alisimama palepale akirudia, "Nilimwambia. Nilimwambia na nyekundu." Nilikwenda kuziokota fimbo kwenye nyasi, na kidole changu kikapita juu ya zile alama tatu. Niliangalia kitambaa kilichokuwa juu yake. Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba mzee haoni, na nilichokuwa nimekifanya asubuhi.

Ningeweza kusema palepale. Badala yake niliziingiza fimbo kibandani, nikafungua mafundo, nikabadilisha vitambaa, nikafunga tena.

Wakubwa wawili wa kampuni ya ndege walikuja kesho yake na faili. Kapteni alikiri kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Alisahau, alisema, kosa ni lake. Ila jambo moja: kule chini alionyeshwa nyeupe. Mzee alisimama akasema ni nyekundu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeapa mbele ya Mungu. Bendera zikaletwa, akaombwa aonyeshe aliyoinua, akachukua yenye alama, nayo ilikuwa nyekundu. Kisha wakanigeukia mimi.

"Dada, wewe uliona ipi?"

Nilijiambia namlinda mzee. Wakijua haoni, watamfukuza na kumwaibisha, mtu ambaye jina lake zima liko machoni pake. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Niliogopa kusema kwamba ni mimi niliyefunga.

"Nyekundu," nikasema.

Kapteni aliniangalia. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli aliona alichokiona. Kusahau walikuwa tayari kumsamehe, maana hata marubani wakubwa husahau. Uongo hawakumsamehe. Walimfuta kazi, na habari ikamtangulia kila alikokwenda kuomba nyingine. Kampuni ikahamishia mizigo barabarani, kiwanja kikafungwa kabla ya mwezi kwisha, na mzee akaenda nyumbani na bendera zake, akazichomeka darini.

Miezi michache baadaye Kapteni alisafiri kutoka Embu mpaka Mikinduri akiwa na sukari na mkate, akitaka tu wakae kama zamani. Mzee alimsikia sauti akafunga mlango. "Kusahau ni ya binadamu," alimwambia akiwa ndani. "Lakini mimi sikai na mwongo." Mkewe ndiye aliyenisimulia, na akaongeza kwamba Kapteni aliacha sukari na mkate kwenye lile geti lililoanguka.

Maisha yakaenda. Niliolewa, nikajenga vyumba vya kukodisha Nchiru, na sasa nimezungukwa na wanafunzi wa chuo ambao ninawaambia kila siku wazime koili zao za umeme za kupikia. Siku moja nilikuwa Embu kwa shughuli zangu, nikaingia duka la dawa za mifugo, na nyuma ya kaunta alikuwa Kapteni, amenenepa kidogo, kovu liko palepale. Alinitambua, nikajua amenitambua. Aliniuliza kwa adabu nataka nini. Nikanunua dawa ya kupe, na wakati huo sikuwa na hata kuku. Mlangoni, juu ya kufuli, alikuwa amebandika karatasi ya kujikumbusha kabla ya kufunga: Stima. Dirisha. Mizani. Kufuli. Kwenye risiti kulikuwa na namba ya simu ya duka. Nimeitunza risiti hiyo kwa miaka tisa.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na binti wa mzee, anayekaa Kinoru, nyuma ya stediamu. Hatimaye walikuwa wamemshawishi baba yao apelekwe hospitali, akafanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, na alikuwa anaona. Alikuwa anaulizia mwari wake wa redio. Nilikwenda na maziwa na ndizi.

Alikuwa ameketi sebuleni amevaa miwani myeusi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akaivua. Akaniangalia miguu, akapanda polepole.

"Muga, mwari. Umezeeka."

"Na wewe, mzee, umekuwa kijana."

Alicheka sana. Alinieleza mambo aliyoyaona tangu apasuliwe: kwamba binti yake ana mvi, kwamba geti la nyumbani kweli limeanguka. Kisha akaniambia mpango wake. Jumapili angetoa ushuhuda kanisani, ule wa zamani pamoja na wa pili. Siku ya kwanza alinyamaza na ndege ikaanguka. Siku ya pili alisema, akiwa kipofu, kwa masikio tu, na Mungu akamsaidia akainua nyekundu, lakini mtu mzima na kofia yake akasimama akadanganya. Angemtaja Kapteni, kwa jina na kwa nyumbani kwao, ili watu wajue uongo unavyoonekana.

"Nimeletewa bendera," akasema. Zilikuwa chini ya kochi, zimefungwa kwa magazeti. Akazifungua, akazilaza magotini, na akaziangalia kwa mara ya kwanza tangu macho yake yaende. Alikuwa anaangalia mafundo.

"Mimi nafunga kama mtu anafunga mbuzi," akasema. "Hii iko na masikio. Mwari, hii ni ya nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia jiko mpaka sukari iliyoachwa getini. Sikulia, nilikuwa nimeshalia yote peke yangu. Alisikiliza akipitisha kidole gumba juu ya zile alama tatu, kwenda na kurudi.

"Kwa hivyo huyo mtu aliona nyeupe."

"Aliona nyeupe, mzee."

"Na mimi nikamfungia mlango."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua sioni."

"Nilijua siku hiyo. Kabla ya hapo nilidhani..."

"Wacha." Alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuelekezewa mimi. "Hiyo usiniambie." Binti yake akachungulia kutoka jikoni akarudi. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi pia nilificha. Ningekuambia siko na macho, hungeshika hizo fimbo bila kuniuliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini yule hakuficha kitu. Uko na namba yake?"

Nikatoa risiti kwenye pochi. Nilipiga namba, nikaweka sauti ya nje, nikamnyooshea simu. Akaisukuma kwangu.

"Wewe kwanza," akasema. "Mimi nitafuata."

Simu ikaita mara nne. Kisha sauti ile, nzito kidogo: "Hallo, duka la dawa za mifugo, nikusaidie aje?"

"Hallo?" akasema tena. "Nani huyo?" Nilimwangalia mzee. Alikuwa ameshika bendera moja. Aliisogeza karibu na dirisha kwenye mwanga, akaitazama vizuri kwa macho yake mapya mpaka akahakikisha rangi yake. Kisha akainua ile nyeupe juu ya kichwa chake, mkono umenyooka, akingoja.

"Kapteni," nikasema, "ni mimi, karani wa redio. Siku ile uliona vizuri."